Shule ya Lionacleit na Watu wa Visiwa vya Uist

Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi, kila panapojadiliwa mchango wa shule, haikosi mwanachama mmoja mzee atakayesimama na kuuliza: tukimsomesha mtoto kwa jasho letu, kisha akahamia mjini asirudi, kijiji kimepata nini? Katibu huandika swali hilo katika kumbukumbu, mwenyekiti hulijibu kwa maneno mawili matatu, na mkutano huendelea na ajenda inayofuata. Hata hivyo swali lenyewe halina jibu jepesi. Wako watu wa mbali waliolikabili kwa muda unaozidi miaka mia moja, nao ni wakulima wadogo na wavuvi wa visiwa vya kaskazini magharibi mwa Uskoti. Habari za shule yao ya sekondari iitwayo Sgoil Lionacleit, yaani Shule ya Lionacleit, zafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake mna mambo ambayo kila kamati ya ushirika huyajua: uchaguzi, fedha, ukaguzi, na wanachama wasiokubaliana.

Visiwa hivyo vimejipanga kama mnyororo kando ya Bahari ya Atlantiki. Kaskazini ipo Lewis pamoja na Harris. Ukishuka kusini wakuta Berneray, North Uist, Benbecula, South Uist, Eriskay, na hatimaye Barra. Miti ni michache kwa sababu ya upepo. Wakulima hukodi vishamba vidogo, hufuga kondoo na ng'ombe katika malisho yaliyo mali ya pamoja, na zamani walipika na kuota moto kwa udongo wa mboji uliokatwa kama matofali na kuanikwa mpaka ukauke. Lugha yao ya asili ni Kigaeli, ambacho hakisikilizani na Kiingereza hata kidogo.

Msomaji wa pwani ataelewa upesi jambo moja la nchi hiyo. Kati ya North Uist na Benbecula, na tena kati ya Benbecula na South Uist, bahari ina kina kifupi. Maji yakipwa, mchanga hubaki wazi, na watu walivuka kwa miguu au kwa gari la farasi. Yakijaa, njia hutoweka. Aliyekosea saa alilipa kwa maisha yake. Kwa hiyo visiwa vitatu vilivyokaribiana viliishi kama nchi tatu. Hata dini ilitofautiana: wengi wa North Uist ni Waprotestanti, wengi wa South Uist na Eriskay ni Wakatoliki, na Benbecula iliyo katikati ina watu wa madhehebu yote mawili. Jambo hilo la kuwa katikati lafaa kukumbukwa, maana litarudi mbele.

Uskoti ilianza mapema kuweka sheria za shule. Sheria ya mwaka 1696 iliwaagiza wenye ardhi wa kila parokia kujenga nyumba ya shule na kumlipa mwalimu mshahara. Katika nyanda za kusini sheria ilizaa matunda. Katika visiwa, parokia moja iliweza kuwa na urefu wa safari ya siku nzima, na shule moja ya parokia haikuwafaa ila watoto waliokaa jirani nayo. Mwaka 1709 kikaundwa chama cha kidini mjini Edinburgh kilichofungua shule za hisani katika maeneo ya Wagaeli. Kusudi la chama hicho lilikuwa pamoja na kukiondoa Kigaeli, na kwa miaka mingi watoto walifundishwa kusoma Kiingereza wasichokifahamu. Walitamka maneno kama kasuku bila kujua maana. Ni mwaka 1811 tu ndipo chama kingine kilipoanza kupeleka walimu wa kuzunguka, waliofundisha kusoma kwa Kigaeli chenyewe. Mwalimu alikaa mahali kwa muda, kisha akahamia kwingine. Katika shule hizo watu wazima walikaa benchi moja na watoto, na mara nyingine mjukuu alimfundisha babu yake herufi. Wale waliopata kufanya kazi katika kampeni za elimu ya watu wazima katika Tanzania ya miaka ya 1970 hawatashangaa kusikia kwamba njia hiyo ndiyo iliyofanikiwa.

Wakati huohuo ardhi ilikuwa ikiwatoka mikononi. Mwanzoni mwa karne ya 19 wenye ardhi walitajirika kwa majivu ya mwani uliochomwa na kuuzwa viwandani, na wakapenda watu wawe wengi ili mwani ukusanywe. Bei ilipoanguka, watu hao hao wakaonekana mzigo. Ugonjwa wa viazi ulioingia mwaka 1846 ukaleta njaa. Mwaka 1851 Kanali John Gordon wa Cluny, aliyekuwa na milki ya South Uist, Benbecula na Barra, aliwapakia watu zaidi ya 1,500 melini kwenda Kanada, wengi wao bila hiari. Haki ya mkulima kutofukuzwa katika kishamba chake ilipatikana kwa sheria ya mwaka 1886, baada ya Tume iliyoongozwa na Lord Napier kuzunguka visiwani na kusikiliza ushahidi wa wakulima wenyewe. Hii ndiyo jumuiya iliyotakiwa kujenga shule.

Sheria kuu ya elimu ya Uskoti ilipitishwa mwaka 1872. Iliwalazimisha watoto wote wa miaka 5 hadi 13 kupata elimu, na kila parokia ikachagua Bodi ya Shule kwa muda wa miaka mitatu. Zilikuwa bodi karibu elfu moja nchini kote. Waliopiga kura ni wenye majengo au ardhi, au wapangaji, ambao mali yao ilithaminiwa kodi ya pauni 4 kwa mwaka au zaidi. Na wanawake waliotimiza sharti hilo waliruhusiwa kupiga kura na hata kugombea, jambo ambalo katika uchaguzi wa bunge halikuwezekana mpaka mwaka 1918.

Namna ya kupiga kura ilikuwa ya pekee, na makatibu wa vyama watapenda kuifahamu. Ikiwa bodi ilikuwa na viti saba, kila mpiga kura alikuwa na kura saba. Aliweza kuzigawa kwa wagombea saba, au kuzirundika zote saba kwa mtu mmoja. Maana yake ni kwamba kundi dogo lililokubaliana liliweza kumwingiza mtu wake, hata kama wengi hawakumtaka. Njia hiyo iliwekwa ili madhehebu madogo yasimezwe. Katika South Uist mambo yalikuwa kinyume: Wakatoliki ndio waliokuwa wengi, lakini wengi wao walikuwa maskini waliokaa chini ya kiwango cha pauni 4, na kwa miaka ya kwanza bodi ilishikwa na watu wa upande wa mwenye ardhi. Wapiga kura walipofahamu nguvu ya kura zao, mwishoni mwa miaka ya 1880 wakajipatia viti vya kutosha, miongoni mwao padre wao, Allan MacDonald, aliyekuwa pia mkusanyaji mashuhuri wa hadithi na nyimbo za Kigaeli. Kanuni za uchaguzi huweza kuonekana sawa karatasini na bado zikawaacha wenye shule nje ya mlango.

Fedha ndizo zilizowashinda. Bodi ilipata mapato kutoka njia tatu: kodi iliyotozwa ardhi na majengo ya parokia, ada za wazazi, na ruzuku ya serikali. Ruzuku ilitegemea mahudhurio na matokeo ya mtihani aliokuja kuutoa mkaguzi. Sasa na itazamwe parokia ya kisiwani. Ardhi ina thamani ndogo, kwa hiyo kodi hata ikipandishwa sana huleta kidogo. Ada hazilipiki. Watoto hukaa nyumbani wakati wa kupanda na kuvuna viazi, wakati wa kukata mboji, na wakati wa kuchunga. Majira ya baridi hutembea maili kadhaa peku katika matope, kila mmoja na kipande cha mboji kwapani kwa moto wa darasani. Mahudhurio yakipungua, ruzuku hupungua; ruzuku ikipungua, mwalimu halipwi vizuri na huondoka; mwalimu akiondoka, mahudhurio huzidi kupungua. Baadhi ya bodi za visiwani zikafilisika kabisa katika miaka ya 1880, na mwaka 1888 serikali ikalazimika kuziokoa kwa fedha, kwa sharti kwamba maofisa wake washiriki kuzisimamia. Ada katika shule za msingi zilifutwa kwa sehemu kubwa kuanzia mwaka 1890.

Sheria hiyo ya 1872 haikutaja Kigaeli hata mara moja. Matokeo yake yalionekana katika shule ya Garrynamonie, South Uist, alikoajiriwa mwaka 1890 mwalimu mkuu Mkatoliki kutoka Uingereza, Frederick Rea. Hakujua Kigaeli, wanafunzi wake wengi hawakujua Kiingereza. Aliandika kumbukumbu za maisha yake ya ualimu huko, nazo zilichapishwa mwaka 1964. Katika sehemu nyingine za nchi ya Wagaeli wazee walisimulia juu ya kipande cha mti kilichofungwa shingoni mwa mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya mama yake. Mtoto huyo alikivua kwa kumkamata mwenzake na kumvisha. Waliosoma Kenya watatabasamu kwa uchungu, maana kidude cha namna hiyo walikivaa au walikikwepa katika shule zao.

Hayo yote yahusu elimu ya msingi. Sekondari ni habari nyingine, na ndipo swali la mzee wa mkutano linapoanza kuuma.

Mwaka 1888 Uskoti ilianzisha mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Shule yenye kuandaa wanafunzi kwa mtihani huo ilihitaji walimu wa masomo mengi, maabara, na wanafunzi wa kutosha. Katika visiwa vyote hivyo, shule iliyoweza kufikia kiwango hicho ilikuwa Nicolson Institute ya mjini Stornoway, Lewis, iliyofunguliwa mwaka 1873 kwa urithi wa Alexander Nicolson, mhandisi mzaliwa wa huko aliyefariki Shanghai katika mlipuko na kuacha sehemu ya mali yake kwa ajili ya elimu ya watoto wa kwao. Lakini Lewis na visiwa vya Uist havikuwa chini ya serikali moja ya mitaa. Lewis ilitawaliwa kutoka mkoa wa Ross and Cromarty. Harris na visiwa vyote vya kusini yake vilikuwa chini ya Inverness. Sheria ya 1918 ilipoziondoa bodi za parokia na kuhamishia shule zote kwa mamlaka ya mkoa, maamuzi juu ya mtoto wa Eriskay yakawa yanafanyika Inverness, upande wa pili wa bara.

Ikawa hivi. Kila mtoto alipofikia umri wa miaka 12 alipimwa. Wengi walibaki katika madarasa ya sekondari ndogo visiwani, wakaacha masomo walipofikia umri ulioruhusiwa na sheria, ambao uliongezwa hadi miaka 15 mwaka 1947 na miaka 16 mwaka 1972. Wachache walioonekana wana akili ya vitabu walipewa msaada wa fedha na kupelekwa bara, au kisiwa cha Skye: wa North Uist wengi walikwenda Portree au Inverness, wa South Uist wengi Fort William. Walikaa katika dahalia au kwa wenyeji waliolipwa. Walipanda meli Lochmaddy au Lochboisdale mwezi wa Agosti na kwa kawaida hawakuonana na wazazi mpaka Krismasi. Bahari ikichafuka, hata Krismasi ilichelewa.

Wengi walifaulu, na familia zilijivunia. Visiwa hivyo vilitoa walimu, mapadre na wachungaji, madaktari na manahodha kwa wingi usiolingana na udogo wake. Lakini kila mzazi alijua maana ya siku ile ya Agosti. Mtoto wa miaka 12 aliyeondoka alirudi akiwa mgeni, anayejibu kwa Kiingereza akisemeshwa kwa Kigaeli. Aliyefaulu aliondoka, aliyebaki aliambiwa, bila maneno, kwamba amebaki kwa sababu ameshindwa. Hilo la pili pengine liliumiza zaidi, ingawa takwimu hazilionyeshi. Takwimu huonyesha idadi tu: wakazi wa Visiwa vya Magharibi walikuwa zaidi ya 46,000 mwaka 1911, na walipungua kila muongo uliofuata isipokuwa mara chache.

Mambo matatu yalibadilisha hali hiyo, na hakuna hata moja kati yake lililotokana na wizara ya elimu.

La kwanza ni barabara. Vita vya pili vya dunia vilileta uwanja wa ndege za kijeshi Benbecula, na kwa ajili yake likajengwa daraja la kuunganisha kisiwa hicho na South Uist, lililofunguliwa mwaka 1942. Mwaka 1960 likakamilika tuta la barabara kuvuka maji ya kaskazini hadi North Uist, lenye urefu wa maili tano hivi. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kutoka mwisho wa North Uist hadi mwisho wa South Uist bila kungoja maji yapwe. Benbecula, iliyokuwa kivuko cha hatari, ikawa kitovu.

La pili ni utawala. Mwaka 1975 serikali za mitaa za Uskoti zilipangwa upya, na visiwa vyote kuanzia Lewis hadi Barra vikapewa halmashauri moja yao wenyewe, Comhairle nan Eilean. Halmashauri hiyo ilitangaza siasa ya kutumia lugha mbili na, mwaka huohuo wa 1975, ikaanzisha mradi wa kufundisha kwa Kigaeli na Kiingereza katika shule za msingi. Hapakuwa tena na sababu ya kumwuliza mtu wa Inverness kama watoto wa Uist wastahili sekondari kamili.

La tatu litawafurahisha wasomaji wa jarida hili, nalo ni ushirika. Bodi ya serikali ya kuendeleza nyanda za juu na visiwa, iliyoundwa mwaka 1965, ilikwenda kutazama vyama vya ushirika vya vijiji katika sehemu za Ireland zinazosema Kigaeli, na mwaka 1977 ikaanza kusaidia vyama vya namna hiyo Uskoti. Vikaitwa kwa Kigaeli co-chomunn. Cha kwanza kilikuwa cha wilaya ya Ness, Lewis. Vingine vikafuata hadi South Uist na Eriskay. Wakazi walinunua hisa, na Bodi ikaongeza ruzuku kulingana na kiasi walichochanga. Vyama hivyo viliendesha maduka, viliuza pembejeo, vilikodisha mashine, vilifuga samaki. Kadhaa vilifungwa baadaye kwa sababu ambazo mkaguzi yeyote angezitaja kabla ya kufungua vitabu: biashara nyingi mno kwa mtaji mdogo, na meneja mmoja anayefanya kila kazi. Chama cha Eriskay kiliendesha duka la kisiwa kwa miaka mingi. Iwavyo vyovyote, watu wa visiwa vilivyozoea kuamuliwa mambo wakajifunza kukaa kamatini, kusoma mizania na kubishana kwa utaratibu.

Shule ya Lionacleit ilifunguliwa mwaka 1988. Imejengwa Benbecula, upande wa kusini magharibi, si mbali na maji ya kivuko cha zamani. Hapo ndipo Mkatoliki wa kusini na Mprotestanti wa kaskazini walikuwa na umbali uliokaribiana wa kusafiri, na hakuna aliyeweza kusema shule ni ya upande wa pili. Ina miaka yote sita ya sekondari, kwa hiyo mwanafunzi huweza kufanya mitihani ya juu ya Uskoti, iingizayo chuo kikuu, huku akilala kwao kila usiku. Mabasi huwakusanya watoto asubuhi kutoka pande zote. Wa Berneray na Eriskay waliendelea kutegemea vivuko mpaka yalipojengwa matuta mengine mawili: la Berneray mwaka 1999 na la Eriskay mwaka 2001.

Waliopanga jengo hawakutaka shule peke yake. Mahali penye watu wachache hapawezi kujengwa maktaba ya shule na tena maktaba ya umma, ukumbi wa shule na tena ukumbi wa mji. Kwa hiyo vyote viliwekwa chini ya paa moja: maktaba ni moja, naye mvuvi mstaafu huazima kitabu kutoka rafu ileile anayoitumia mwanafunzi; bwawa la kuogelea na ukumbi wa michezo hutumiwa na darasa wakati wa masomo na na umma baada ya hapo; pamo pia makumbusho yanayoonyesha vitu vya historia ya visiwa, na mkahawa, na ukumbi wa maonyesho na muziki. Katika nchi ambamo jua la Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni, jengo lenye joto na taa lililo wazi kwa kila mtu si jambo dogo.

Mpango wa namna hii una matatizo yake. Jengo la matumizi mawili lina watumiaji wawili wenye kudai haki, na gharama ya kupasha bwawa joto haipungui kwa sababu waogeleaji ni wachache. Kila upungufu wa bajeti huleta hoja ileile, kwamba saa za jioni zipunguzwe. Vyama vyetu vyenye kumiliki ukumbi au gari vinaifahamu hoja hiyo.

Na upungufu ulikuja upesi, tena kwa kishindo. Julai 1991, miaka mitatu tu baada ya shule kufunguliwa, benki ya BCCI ilifungwa na wasimamizi wa mabenki wa nchi mbalimbali kwa sababu ya udanganyifu mkubwa. Benki hiyo ilikuwa na matawi hata Kenya. Halmashauri ya Visiwa vya Magharibi ilikuwa imeweka humo pauni milioni 23. Wakazi wake hawakufika 30,000. Ukigawa, ni zaidi ya pauni 750 kwa kila mtu, pamoja na mtoto mchanga. Benki ilitoa riba nzuri, na riba nzuri ilitazamwa kama uhodari wa mtunza fedha. Swali la kwanza la ukaguzi, yaani kwa nini fedha nyingi kiasi hiki ziko kwa mdaiwa mmoja, halikuulizwa na wale waliopaswa kuuliza wakati lingesaidia. Serikali iliiruhusu halmashauri kukopa ili kuziba pengo, na deni hilo likalipwa na visiwa kwa miaka mingi. Wafilisi wa benki waliwarudishia wadai sehemu kubwa ya fedha zao, lakini kidogo kidogo, na mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 1991 alikuwa mtu mzima kabla hesabu hiyo haijamalizika.

Shule haikufungwa. Iliendelea kutoa wahitimu, na Kigaeli kikaendelea kufundishwa humo, si kama somo tu bali pia kama lugha ya kufundishia baadhi ya masomo. Mwaka 2020 halmashauri iliamua kwamba mtoto anayeanza shule ya msingi visiwani ataandikishwa katika mkondo wa Kigaeli, isipokuwa mzazi akiomba Kiingereza. Miaka 148 ilikuwa imepita tangu sheria ile isiyoitaja lugha hiyo. Kuna waonao kwamba uamuzi ulikuja wakati lugha imekwisha kupungua mno majumbani, na hoja yao ina uzito, kwa kuwa shule huweza kufundisha lugha lakini haiwezi kuisema jikoni.

Je, vijana wamebaki? Wameacha kuondoka wakiwa na miaka 12. Sasa huondoka wakiwa na 17 au 18, wakiwa wamekua mikononi mwa wazazi wao na wakiijua nchi yao. Hilo pekee wazazi huliona kuwa malipo ya kutosha. Lakini bado huondoka. Wakazi wa Visiwa vya Magharibi walikuwa karibu 27,700 katika sensa ya 2011, na karibu 26,100 katika ile ya 2022. Shule huweza kumrudishia kisiwa mtoto wake kwa miaka sita zaidi. Kazi, nyumba na ardhi ya kumrudisha baada ya chuo ni lazima vitoke kwingine.

Kwa upande wa ardhi, hatua kubwa ilichukuliwa Novemba 2006, wakazi wa South Uist, Eriskay na sehemu ya Benbecula walipoinunua milki yote, ekari 93,000, kwa pauni milioni 4.5. Chombo walichokiunda, Stòras Uibhist, si chama cha ushirika kwa jina la sheria, lakini wanachama wake ni wakazi wenyewe, na kila mmoja ana kura moja. Ndiyo ardhi ileile ambayo Kanali Gordon aliwaondoa watu wake. Mwaka 2013 mitambo mitatu ya umeme wa upepo ilianza kazi Lochcarnan ikiwa mali yao. Kwa upande wa masomo ya juu, Chuo Kikuu cha Highlands and Islands, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2011, hufundisha kupitia vituo vilivyotawanyika, na mwaka 2022 kilifunguliwa kituo cha muziki na utamaduni wa Kigaeli huko Daliburgh, South Uist. Tena tangu 2016 halmashauri imekuwa na huduma ya e-Sgoil, ambayo mwalimu aliye kisiwa kimoja hufundisha wanafunzi wa kisiwa kingine kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo somo lenye wanafunzi wawili tu katika shule fulani si lazima lifutwe, kama ilivyokuwa desturi.

Lakini hesabu ya wanafunzi haina huruma, na ileile iliyowapeleka watoto bara zamani sasa yafanya kazi ndani ya visiwa vyenyewe. Shule ndogo za msingi, zilizoilisha Lionacleit, zimekuwa zikiunganishwa. Mwaka 2016 shule tatu za North Uist, yaani za Carinish, Paible na Lochmaddy, zilifungwa, watoto wake wakahamishiwa shule moja mpya ya kisiwa. Wapo wazazi waliounga mkono, kwa kuwa darasa la watoto watatu si darasa. Wapo waliopinga, kwa kuwa kijiji kisicho na shule hakimvuti mzazi kijana kujenga nyumba. Lochmaddy, bandari ambako vizazi vya watoto walipanda meli mwezi wa Agosti kwenda kutafuta sekondari, leo haina shule ya msingi. Asubuhi watoto wake husimama kandokando ya barabara wakingoja basi.